Mtoto Wako Atamwendea Nani?

Mama msikilizaji, ninakusemesha wewe. Na wewe baba, nyanya au shangazi unayelea, ninakusemesha pia. Nikisema mama, jihesabu.

Leo sina maneno ya homa wala ya kuharisha. Nina swali moja. Mwanao anayesoma akipatwa na jambo zito kesho saa nne asubuhi, atamwendea nani?

Usijibu haraka. Wengi wetu tutasema, "Atakuja kwangu mimi mamake." Ni jibu zuri, na Mungu ajaalie liwe kweli. Lakini saa nne asubuhi wewe uko wapi? Pengine uko hotelini Diani unafua mashuka ya wageni, na simu umeiacha kabatini mpaka utoke zamu. Pengine ulivuka feri ya Likoni tangu alfajiri kwenda kuchukua mboga Kongowea. Pengine uko Saudia kwa kazi ya nyumba, na mtoto umemwacha kwa nyanyake. Na hata ukiwa papo hapo mlangoni, huenda jambo lenyewe ni lile ambalo mtoto hawezi kukwambia wewe. Anakuogopa, au anakuonea huruma kwa shida ulizo nazo, au anayemsumbua ni mtu unayemheshimu sana.

Kwa hivyo, mama, tuzungumze jinsi ya kumsaidia mtoto wa shule awatambue watu walio upande wake, awatambue mapema, kabla hajawahitaji.

Utauliza, hilo lina uhusiano gani na afya? Lina uhusiano mkubwa. Muulize muuguzi yeyote wa zahanati atakwambia juu ya mtoto anayeletwa kila Jumatatu asubuhi akilia tumbo. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa choo, hana minyoo. Anarudishwa nyumbani na panado mbili, na Jumatatu ijayo tumbo ni lile lile. Mwingine ana miaka kumi na moja na ameanza tena kukojoa kitandani. Mwingine kichwa kinamgonga, halali, alama zake shuleni zimeshuka ghafla. Mara nyingine ugonjwa upo na lazima utafutwe, kwa hivyo hospitali usiache kwenda. Lakini mara nyingine tumbo ndilo linalosema lile ambalo mdomo haukupata wa kumwambia.

Nikupeleke mbali kidogo, halafu tutarudi kwetu. Katika bahari ya Pasifiki kuna kisiwa kiitwacho Kauai, huko Hawaii. Enzi hizo kilikuwa kisiwa cha mashamba ya miwa, kama ilivyokuwa kwetu Ramisi. Wataalamu, akiwemo mwanasaikolojia Emmy Werner, waliwaandika watoto wote waliozaliwa pale mwaka 1955. Walikuwa 698. Wakawafuata mwaka baada ya mwaka, hadi walipofika umri wa miaka 40. Wako waliokulia katika shida nzito: umaskini, ugomvi wa wazazi, baba mlevi au mama mgonjwa wa akili. Wengi wa hao walipata matatizo makubwa ya masomo, ya tabia au ya afya ya akili. Lakini mmoja katika kila watatu alikua akawa mtu mzima mwenye kazi yake, mwenye upendo na watu wake. Wataalamu walipochunguza waliona mambo kadhaa, na mojawapo lilikuwa hili: mtoto yule alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemjali kwa dhati. Wakati mwingine alikuwa mzazi. Mara nyingi alikuwa nyanya, shangazi, mwalimu au jirani. Na jambo lililonigusa mimi ni kwamba watoto hao walikuwa hodari wa kuwatafuta watu wa namna hiyo. Walijua wa kumwendea.

Kumjua wa kumwendea ni kitu mtoto anachoweza kufundishwa, kama anavyofundishwa kuvuka barabara ya Ukunda.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu wao. Kwa Wadigo wa zamani, ukoo na urithi vilipitia kwa mama, na mjomba alikuwa mtu mkubwa katika maisha ya mtoto. Mtoto alijua ana mjomba, na mjomba alijua ana mtoto. Msichana wa pwani akivunja ungo alikuwa na somo wake, kungwi wa kumfunza mambo ya mwili na ya unyumba, na siri nyingi zilikwenda kwa somo kabla hazijafika kwa mama. Simaanishi kwamba zamani kila kitu kilikuwa asali. Walikuwako wajomba wakali kuliko simba, na yako mambo yaliyofichwa chini ya mkeka mpaka leo hayajasemwa. Lakini mtoto hakuhitaji kukisia watu wake ni akina nani. Alitajiwa.

Leo wengi wetu tunaishi katika vyumba vya kupanga. Jirani wa kulia ametoka Kitui, wa kushoto ametoka Kisumu, wote watu wema, lakini hakuna aliyemwambia mtoto, "Huyu ndiye wako." Mtoto anabaki kuchagua mwenyewe. Na mtoto akiachwa achague mwenyewe, huwa anachagua kwa vipimo vya kitoto. Humpenda anayempa kitu, na humpenda anayecheka naye.

Hapo ndipo penye hatari, mama, na hapa nitakaa kidogo.

Tuseme binti yako yuko Gredi ya 8. Shule iko kilomita tatu kutoka nyumbani na jua la mchana unalijua. Kuna kijana wa bodaboda anayempakia bila kumtoza. Siku nyingine anamnunulia chipsi. Siku nyingine anampa sodo, kwa sababu alijua nyumbani hakuna. Muulize binti, "Nani anakusaidia?" atakutajia huyo wa kwanza. Na upande wa pili kuna mwalimu wake, mama mmoja mkali, aliyemwita ofisini akamuuliza mbona Ijumaa tatu mfululizo hakuja shule, akamwambia amlete mzazi. Muulize binti, "Nani anakusumbua?" atakutajia mwalimu huyo.

Umeona mambo yalivyogeuka? Aliyeona kwamba mtoto hayupo, akahesabu Ijumaa, akataka kumwona mzazi, ndiye anayesaidia. Yule mwingine hatujui anataka nini. Pengine ni kijana mwema tu, wako wengi. Pengine anangojea siku ya kudai.

Wala usidhani hatari hii ni ya wageni wa ufukweni peke yao. Mwaka 2006, UNICEF pamoja na serikali yetu zilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Ilikadiriwa kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa sehemu hizo walikuwa wakitumiwa katika biashara ya ngono mara kwa mara. Wengi tulinyoosha kidole kwa Wazungu. Lakini taarifa ile ile ilionyesha kwamba kundi kubwa la wateja kuliko taifa lolote jingine lilikuwa Wakenya wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Na aghalabu mambo haya huanza kwa msaada: nauli, simu, sare, mia mbili ya daftari.

Basi mfundishe mtoto kupima, naye akiwa mkubwa wa kutosha atakuelewa. Mwambie amtazame mtu anayemsaidia na ajiulize: je, msaada huu naweza kuutaja mbele ya mama? Mtu mwema hasemi, "Hii ni siri yetu, usimwambie mtu." Zawadi ya siku ya kuzaliwa yaweza kufichwa mpaka ifike siku, hiyo haina neno. Siri isiyokuwa na mwisho ndiyo mbaya. Ajiulize pia, nikikataa atafanya nini? Mtu aliye upande wako ukimkatalia jambo hakununii wala hakukumbushi chipsi alizokununulia. Halafu aangalie moyo wake baada ya kuachana naye. Wako watu ukitoka kwao unahisi mwepesi, hata kama wamekukaripia. Na wako ambao ukitoka kwao unahisi uzito usioujua jina. Mtoto huuhisi uzito huo mapema sana, ila hajui kama anaruhusiwa kuuamini. Mwambie anaruhusiwa.

Na vipimo hivi ni vya kila mtu: jamaa, jirani, mwalimu, ustadhi, mchungaji, hata baba mdogo aliyekuja kukaa kwenu kwa muda. Cheo cha mtu kisimzuie mtoto kupima.

Sasa tufanye vipi nyumbani? Wengine wanapenda kumpa mtoto karatasi achore duara na kuandika majina. Ni vizuri, hasa shuleni. Lakini mimi naona kwetu njia rahisi ni kuifuata siku yake yote kwa maneno. Usimkalishe kitako kama askari anayeandika taarifa, atanyamaza. Ngoja wakati mikono ina kazi: unakuna nazi, yeye anachambua mchele. Mwambie, "Hebu nipeleke shuleni kwako." Akitoka mlangoni hukutana na nani kwanza? Yule mama anayeuza mahamri na mbaazi kwenye kona, huongea naye? Njiani hutembea na nani? Akifika langoni, bawabu anamjua jina? Darasani nani humwazima kalamu? Akianguka uwanjani nani humwinua? Akitoka, huenda madrasa? Huko nani hukaa karibu naye? Siku maji yamekosekana na ameenda kisimani, nani humtwika?

Mtoto ataanza kutaja watu ambao wewe hukuwahi kuwafikiria. Wakati mwingine atataja mahali na atanyamaza, au atasema, "Hapo huwa napita mbio." Usiruke pale. Usimkaripie. Muulize polepole, "Hapo pana nini?" Hilo pekee limewafumbua macho wazazi wengi.

Kisha mzungumze nani ni wa jambo gani. Si kila mtu mwema anafaa kwa kila shida. Nyanya huenda ndiye wa kumkumbatia akilia, lakini mambo ya ada hayawezi. Dada mkubwa anafaa kwa mambo ya hedhi. Mwalimu wa ushauri anafaa kwa mambo ya shule, na shule nyingi huwa na mwalimu aliyepewa kazi hiyo, ila watoto wengi hawamjui kwa jina. Rafiki wa darasani anafaa kwa kumsindikiza, kwani mara nyingi mtoto hawezi kwenda kusema peke yake lakini wakiwa wawili ataweza. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba naye mhesabu. Mtoto akiweza kutaja watu watatu au wanne, na angalau mmoja wao yuko nje ya nyumba yenu, mmefika pazuri. Mfundishe namba mbili za simu azishike kichwani. Za kuandikwa daftarini hupotea pamoja na daftari.

Wavulana wasisahauliwe. Msichana tunamchunga, mvulana tunamwambia, "Wewe ni mwanamume, vumilia." Matokeo yake ukimuuliza mvulana wa miaka kumi na minne nani wa kumwendea atainua mabega. Watu wake wanakuwa ni wale wa pale kijiweni wanaotafuna muguka, kwa sababu hao hawamwambii avumilie, wanamwambia aketi. Mvulana naye hupigwa, naye huonewa, naye huguswa vibaya, na aibu yake ni kubwa kwa kuwa amefunzwa kwamba mambo hayo hayamhusu. Kama kuna mjomba, kocha wa mpira au fundi anayemheshimu, mvulana huongea vyema zaidi akiwa anafanya kazi naye bega kwa bega.

Mkishawataja watu, mama, usiishie hapo. Waendee. Mwambie mama wa mahamri, "Mwanangu amekutaja. Amesema akiwa na shida njiani atakuja kwako." Hutaamini jinsi mtu anavyosimama wima akisikia maneno hayo. Wengi hawajui kwamba wanahesabiwa. Na akishajua, siku akimwona mtoto yule anapita na uso umevimba kwa kulia, hatasema si yangu. Atakupigia simu. Katika kuongea naye nawe pia utampima, kwani si kila anayetajwa na mtoto anafaa.

Sasa nifike kwa jambo linalotuuma sisi akina mama. Siku moja utaitwa shuleni, na utakuta mwalimu anajua jambo la nyumbani kwako. Anajua kwamba usiku kuna kelele na kupigwa. Au anajua kwamba binti alikosa hedhi miezi miwili. Mtoto amemwambia yeye, hakukwambia wewe. Damu itakupanda. Utahisi umevuliwa nguo mbele ya watu. Njiani kurudi nyumbani utajisemea, "Ameanika siri zangu, akifika atanitambua."

Tafadhali, mama, pumua kwanza. Ukimpiga siku hiyo, umemfunza kwamba kusema kuna gharama, na jambo linalofuata hatamwambia yeyote, wala wewe wala mwalimu. Ile siku ngumu ndiyo siku ya kumwambia, "Umefanya vizuri kusema. Ningependa kujua mapema, lakini nafurahi umesema." Maneno hayo ni mazito kuyatoa, najua, hasa mbele ya mume au mama mkwe anayetaka mtoto aadhibiwe. Yaseme hata kama sauti inatetemeka. Mkono mmoja haulei mwana, na ule mkono wa pili usiuone kama mwizi. Kulia kwako kupo, na kuna haki. Lakini lia kwa dada yako au kwa rafiki wa chama chenu, mtoto asikuone unalia kwa sababu amesema.

Na kuna mambo ambayo mtoto akishayasema, yeyote aliyemwambia ana kazi ya kufanya upesi. Kama mtoto amelazimishwa au amedanganywa katika tendo la ngono, awe msichana au mvulana, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, Msambweni, Kwale, Kinango au iliyo karibu nawe. Usimwogeshe kwanza. Nguo alizovaa usizifue, zifunge kwa karatasi au kitambaa, si kwa mfuko wa plastiki, uende nazo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe kabla ya saa 72, yaani siku tatu, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Kwa msichana aliyevunja ungo kuna pia dawa ya kuzuia mimba, nayo hufaa zaidi ikitolewa mapema, na mwisho wake ni siku tano. Kisha polisi, au ofisi ya watoto. Mambo ya kukaa chini ya mwembe na kupatana kwa mbuzi na shilingi elfu kumi ili jina la ukoo lisiharibike, hayo si halali. Tangu Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, aliyemtenda mtoto wa chini ya miaka 18 hana kisingizio cha kusema alikubali.

Ikiwa hujui uanzie wapi, piga simu 116. Ni simu ya kusaidia watoto, hailipishwi, na hupokelewa mchana na usiku. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, jirani anaweza, nawe unaweza. Namba hiyo ni fupi makusudi, mtoto wa gredi ya kwanza anaishika. Mwimbishe mpaka aijue.

Huenda leo usiku mwanao akasema, "Sina mtu." Usishtuke na usimpe hotuba. Hiyo pia ni habari aliyokupa, na amekupa wewe. Muulize tu, "Ungependa awe nani?" Watoto karibu wote huwa na jina moblini, jina wanaloliona mbali, mwalimu fulani wa Kiswahili au shangazi wa Lunga Lunga ambaye hawajamwona tangu Idi. Mtafute huyo. Mpe mtoto simu yako dakika tano Jumamosi, amsalimie.

Wasalaam, mama. Juma lijalo, wakati kama huu, tutazungumza juu ya kidonda cha mguu kisichopona, na kwa nini majivu hayafai kuwekwa juu yake.